Mitsubishi Pajero ilikufa kwa sababu gani hasa? Na kati ya vizazi vinne, kipi cha kubaki nacho?

#1 Msasa
Wakuu, salama. Kila mada ya Pajero ikifunguliwa lazima mtu aseme "iliuawa na Pajero Sport". Mimi nasema Pajero ilianza kufa 1999, siku kizazi cha tatu kilipotoka bila chesisi ya kujitegemea.

Twende na tarehe. Kizazi cha kwanza 1982, cha pili 1991, cha tatu 1999, cha nne 2006. Soko la Japani lilifungwa 2019 kwa toleo la mwisho la magari 700, na uzalishaji wa magari ya kupeleka nje ukasimama 2021. Cha nne ukikivua bodi ya nje unakuta mifupa ya cha tatu. Kwa hiyo msingi wa 1999 ulibebwa zaidi ya miaka 20. Gari la kazi lililoacha chesisi likawa ghali kutengeneza, na halikuwa laini kiasi cha kushindana na magari ya starehe. Limeanguka katikati.

Maswali mawili: nakosea wapi? Na anayetaka kubaki na moja, ashike kizazi gani na injini gani?

#2 Reli Mbili
Mkuu Msasa, unakosea hapo kwenye "bila chesisi". Reli za ngazi zipo kizazi cha 3 na cha 4, ila zimechomelewa kwenye sakafu ya bodi zikawa kitu kimoja. Lala chini ya gari utaziona zinapita toka mbele hadi nyuma. Zilizoondoka ni zile boliti na mipira kati ya bodi na chesisi.

Faida yake: bodi haijipindi, sakafu imeshuka, na miguu yote minne ikapata sapensheni huru, kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake. Hasara yake ni kutu. Kizazi cha pili chesisi ikioza unaweza kunyanyua bodi ukabadilisha chesisi nzima. Kizazi cha tatu reli ikioza unakata na kuchomelea ndani ya bodi, na mchomeleaji asiyepima kona zote kwanza atakurudishia gari linalotembea upande.

#3 Mchanga Mwekundu
Na usisahau, Msasa, kizazi hicho unachokilaumu ndicho kilichobeba mbio za jangwani za Dakar miaka saba mfululizo, 2001 hadi 2007. Jumla ni ushindi 12: 1985, 1992, 1993, 1997, 1998, kisha hiyo saba. Wa 2001 ni Jutta Kleinschmidt, mwanamke wa kwanza kushinda kwa jumla.

#4 Msasa
@Mchanga Mwekundu asante kwa orodha. Ila magari ya miaka ile ya mwisho yalibuniwa kwa mashindano tu. Hayathibitishi chochote kuhusu V78 (dizeli ya kizazi cha tatu) ya mtu wa kawaida.

#5 Mchanga Mwekundu
Yale ya mwisho, sawa. Lakini angalia Pajero Evolution ya 1997. Ile iliuzwa kwa watu, V6 ya 3.5 yenye MIVEC (mfumo wa kubadilisha ufunguaji wa valvu), na nyuma ilikuwa na sapensheni huru miaka miwili kabla ya kizazi cha tatu. Yaani wahandisi walijaribu kwanza kwenye gari la mbio, wakaridhika, ndipo wakaweka kwa wote. Sapensheni huru haikuja kwa ajili ya kubembeleza mama wa kupeleka watoto shule.

#6 Bi Spana
Mnazungumzia bodi wakati kilichoua ni hesabu. 2016 Mitsubishi iliingia kwenye sakata la takwimu za matumizi ya mafuta, Nissan wakanunua 34% mwaka huo huo. Ukiwa na mwenye hisa mkubwa anayetengeneza magari makubwa yake mwenyewe, nani ataidhinisha fedha za Pajero mpya kuanzia karatasi tupu? Julai 2020 ukatangazwa mpango wa kubana matumizi, na kiwanda cha Sakahogi, Gifu, ndicho kilichotajwa kufungwa. Kilifungwa 2021. Kiwanda chenyewe kilikuwa na jina la gari: Pajero Manufacturing. Kikienda kiwanda, gari nalo limekwenda.

#7 Kolongo
Dada Bi Spana, kufungwa kwa kiwanda ni matokeo. Kiwanda hakifungwi kikiwa na oda. Mimi naiweka lawama kwenye sheria za usalama wa watembea kwa miguu na za moshi. Pua ya Pajero ni ndefu, boneti iko juu, injini imekaa karibu na boneti. Ili kichwa cha mtu aliyegongwa kikute nafasi ya kubonyea, lazima ubuni upya mbele yote. Kwa bodi ya 1999, ni kama kujenga nyumba upya ili ubadilishe mlango.

#8 Tairi la Nne
Na jina je? Marekani iliitwa Montero, Uingereza Shogun. Jina limegawanyika mara tatu, matangazo mara tatu. Pajero ni paka mwitu wa Amerika Kusini, ila kwa Kihispania ni tusi, ndiyo maana kule ikawa Montero.

#9 Reli Mbili
@Tairi la Nne jina halijaua gari lililouzwa nchi zaidi ya 170 na kupita milioni 3. Ila umetusaidia kwa wanaoagiza spea: ukikuta spea imeandikwa Shogun au Montero, linganisha namba ya chesisi na namba ya injini, usilinganishe jina. Na wasichanganye na Pajero iO, Pajero Mini wala Pajero Sport. Pajero Sport imejengwa juu ya chesisi ya pikapu. Difu, mikono na diski zake si za Pajero.

#10 Dizeli Kavu
Niingie kwenye swali la pili, maana la kwanza mtalizungusha hadi kesho.

Kwa injini za dizeli:

4D56, cc 2477, mkanda wa taimingi. Ina mikanda miwili: mkubwa wa taimingi na mdogo wa shafti za mizani. Watu wanabadilisha mkubwa wanaacha mdogo. Mdogo ukikatika vipande vyake vinaingia kwenye mkubwa, taimingi inaruka, valvu zinakutana na pistoni. Ukifungua, badilisha yote miwili, teshena (vikaza mkanda) zote mbili, sili ya kranki na sili ya kemu. Kwenye ya valvu 8, ukibahatika zinavunjika roka peke yake na valvu zinapona. Usiwashe tena kabla ya kupima mbano wa kila silinda.

4M40, cc 2835, cheni. Hakuna mkanda wa kuhofia, lakini sikiliza asubuhi. Cheni ikigonga sekunde mbili tatu ikanyamaza, teshena inasubiri presha ya oili. Ikiendelea kugonga injini ikiwa ya moto, miongozo imelika.

4M41, cc 3200, kemu mbili, valvu 16, cheni. Kizazi cha tatu ina pampu ya kuzunguka inayoongozwa na kompyuta, kizazi cha nne ni komoni reli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote. Ya mwisho ilifika nguvu ya kuzungusha ya Nm 441. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza, V98 ya kizazi cha nne, kwa masharti ya dizeli safi.

#11 Msasa
@Dizeli Kavu 4M40 umeipita haraka mno. Sifa yake mbaya ni hedi kupasuka, hukuitaja.

#12 Dizeli Kavu
Hedi ya 4M40 haipasuki yenyewe, inapasuliwa. Chanzo kikubwa ni kupotea kwa maji kimya kimya, na kwenye magari yenye hita ya nyuma angalia mabomba mawili ya chuma yanayopita chini ya sakafu kwenda nyuma. Yanaoza sehemu yaliposhikwa na vibanio, kwa sababu tope hukaa pale. Bomba likitoboka unapoteza maji kidogo kidogo bila kuona tone, yanakaukia njiani.

Halafu gauji. Kihisi joto kinasoma maji. Maji yakishuka chini ya kihisi, kinabaki kwenye mvuke na sindano inaweza kukaa katikati huku hedi inaungua. Kwa hiyo sindano kukaa katikati si ushahidi kwamba injini iko salama. Funga kengele ya kiwango cha maji, au kihisi kinachoshika joto la chuma cha hedi kwa boliti. Na kama hita ya nyuma huitumii, kata mabomba kwenye injini, unganisha kwa mpira mmoja wa U, bana kwa vibanio viwili kila upande.

#13 Bi Spana
Naongeza feni. Feni ya viskasi (ile inayoshikwa na kimiminika kizito) ikichoka, barabara kuu gari liko sawa, ukianza mlima polepole linachemsha. Kipimo: injini ikiwa moto kabisa, zima, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka zaidi ya mzunguko mmoja kwa uhuru, imekufa. Inatakiwa iwe nzito kama inazungukia kwenye asali.

Na kabla ya kulaumu hedi, jaribu hili asubuhi injini ikiwa baridi: fungua mfuniko wa rejeta, jaza hadi juu, washa, angalia dakika moja ya kwanza. Mapovu madogo yasiyoisha ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Mapovu makubwa machache yanayokoma ni hewa tu iliyobaki. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama jiwe kabla maji hayajapata moto, habari imekwisha.

#14 Kolongo
Nyufa ndogo kati ya valvu mbili za 4M40 kuna mafundi wanasema ni za kawaida na hedi inarudishwa. Nyie mnasemaje?

#15 Dizeli Kavu
Mimi narudisha kama ufa haufiki kwenye kiti cha valvu na hedi imepita kipimo cha presha ikiwa ya moto. Ya baridi hainiridhishi. Ufa hufunguka kwa joto.

#16 Bi Spana
Mimi sirudishi hata kwa kipimo hicho. Gharama ya kufungua mara ya pili inameza tofauti yote. Hapa hatutakubaliana, Dizeli Kavu.

#17 Tairi la Nne
Wakuu, samahani nawatoa nje kidogo. V46 (kizazi cha pili), nikitoka 2H (magurudumu mawili) kwenda 4H (yote manne) taa mbili za mbele kwenye dashibodi zinapepesa bila kukoma. Mtu wa gereji kasema transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) imekufa, ibadilishwe. Kweli?

#18 Reli Mbili
Usibadilishe chochote bado! Taa za magurudumu ya mbele kupepesa maana yake transfa imepeleka nguvu mbele lakini kile kiunganishi cha kwenye ekseli ya mbele hakijafunga. Kinavutwa na vakyumu (mvuto wa hewa), si na transfa. Fuata mpangilio huu:

Kwanza, injini ikiwaka, weka 4H utembee mbele taratibu mita chache ukiwa umenyoosha stelingi. Mara nyingine meno yanakuwa hayajakutana tu.

Pili, mipira ya vakyumu. Fuata kutoka kwenye pampu ya vakyumu hadi valvu mbili za umeme, kisha hadi kwenye kopo lililo juu ya ekseli ya mbele. Mpira hupasuka pale pale unapovaa kwenye chuchu: ufa mwembamba kama unywele, huuoni mpaka uukunje kwa vidole. Kata sentimita moja uurudishe, kama urefu unaruhusu.

Tatu, valvu za umeme. Mtu mmoja ndani abadilishe 2H na 4H, wewe weka kidole juu ya kila valvu. Lazima zigonge. Isiyogonga, pima kama volti 12 zinafika kwenye soketi. Umeme ukiwepo na haigongi, valvu imekufa. Umeme usipokuwepo, rudi kwenye fyuzi na kompyuta.

Nne, kopo. Lina chuchu mbili. Vuta vakyumu kwa pampu ya mkono chuchu moja, fimbo iende upande mmoja na ibaki huko. Ikirudi taratibu, ngozi ya ndani imechanika.

Tano, kama fimbo inakwenda vizuri lakini taa bado zinapepesa, ni swichi ndogo ya kwenye ekseli inayotoa taarifa. Pima kwa mita ikiwa imefunga na ikiwa imefungua.

Hapo utakuwa umeshapata. Kama bado, uma wa ndani umeshika kutu.

#19 Kolongo
Ongeza na hili kwa Tairi la Nne: jina lako lisije likawa la kweli. Matairi manne lazima yalingane. Ukiweka mapya mbele na yaliyolika nyuma, mzunguko unatofautiana, ile viskasi ya difu ya kati inafanya kazi muda wote na kupata moto. Mwisho inaganda, na gari linaanza kuvuta kama limefungwa kamba ukikata kona kali kwenye 4H.

#20 Tairi la Nne
Hahaha, jina nimelipenda hivyo hivyo. Ila nilisikia 4H haifai kabisa kwenye lami.

#21 Reli Mbili
Hapana, umechanganya na magari ya 4WD ya kawaida. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya Super Select, mfumo wa 4WD wa Pajero, tangu 1991. 4H ina difu ya kati iliyo wazi na viskasi, unatembea nayo kwenye lami hata mvua inanyesha, na unaingia toka 2H ukiwa kwenye mwendo hadi km 100 kwa saa. Isiyofaa kwenye lami ni 4HLc, kwa sababu difu ya kati imefungwa na ekseli mbili zinalazimishwa kuzunguka sawa. Na 4LLc, yaani gia za chini difu ya kati ikiwa imefungwa, unaingia ukiwa umesimama, gia ikiwa huru. Inazidisha nguvu mara 1.9.

Kizazi cha pili hugawa nusu kwa nusu. Cha tatu na cha nne hugawa 33 mbele na 67 nyuma, ndiyo maana kwenye changarawe nyuma hupenda kucheza kidogo.

#22 Msasa
Hapo ndipo ninaposema kizazi cha pili ndicho cha kushika. V46 yenye Super Select, ekseli nzima nyuma, springi za koili, chesisi inayobadilishika. Kila kitu kinafunguka kwa spana.

#23 Mchanga Mwekundu
Mbele ina toshoni ba (fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi), Msasa. Watu wanazikaza kupandisha gari, halafu miguu ya mbele inabaki haina nafasi ya kushuka. Bolijoint na buti za shafti zinakwisha, gari linaruka kama mbuzi. Kupandisha kwa kukaza toshoni ba hakuongezi safari ya sapensheni hata milimita moja, inahamisha tu.

#24 Bi Spana
Na kwa wa petroli, tusiwasahau. 6G72 ya 3.0 ni ngumu kuua, ila sili za valvu zikichoka inatoa moshi wa bluu asubuhi na kila ukikanyaga baada ya kuteremka mlima. Mkanda wake usizidi km 100,000, na pampu ya maji ibadilishwe humo humo kwa sababu inazungushwa na mkanda huo. 6G74 ya GDI ndiyo ninayowakataza wasio na subira. Mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hayaoshi valvu za kuingiza, na masizi yanajijenga mpaka hewa inapita kwa taabu. Sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inatetema, injini inamisi, mtu ananunua plagi, koili, anakesha. Ondoa manifoldi, utaona mwenyewe. Kusafisha ni kwa maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa ya kupulizwa au kwa dawa na brashi, silinda ikiwa imefungwa valvu.

#25 Dizeli Kavu
Dada umesema kweli. Na 4M41 ya komoni reli ina ugonjwa wake unaofanana kwa dalili: sailensa inapanda na kushuka, gari linazima ukisimama kwenye taa. Watu wanakimbilia nozeli. Anza na valvu ya kudhibiti uvutaji iliyo kwenye pampu ya presha. Inashikwa na boliti mbili. Osha eneo lote kabla ya kufungua, chembe moja ya mchanga ikiingia umenunua pampu. Badilisha na filta ya dizeli siku hiyo hiyo, kisha kompyuta ifundishwe upya kiwango cha pampu, vinginevyo itaendelea kuyumba na utasema spea ni feki.

#26 Kolongo
Mnaona sasa? Injini moja, tangu 1999 hadi 2021, imewekewa komoni reli, kisha kichujio cha masizi, kisha vihisi juu ya vihisi. Hiyo ndiyo hoja yangu ya #7. Kila sheria mpya ya moshi ilibandikwa juu ya injini ya zamani.

#27 Bi Spana
Ilibandikwa kwa sababu hapakuwa na fedha za injini mpya. Tunarudi kwenye #6.

#28 Msasa
Na fedha hazikuwepo kwa sababu gari halikuuzika, na halikuuzika kwa sababu ya uamuzi wa 1999. Tunarudi #1.

#29 Reli Mbili
Halikuuzika? Land Cruiser Prado ilibaki na chesisi na ikauzika, sawa. Lakini wanunuzi wengi zaidi duniani walihamia kwenye magari ya bodi moja, yale yale uliyosema Pajero ilijaribu kuyafuata. Kama 1999 ilikuwa kosa, basi kosa ni kutokwenda mbali zaidi.

#30 Tairi la Nne
Wakuu, nimerudi. Ilikuwa mpira, ule unaovaa kwenye kopo la ekseli. Ufa wa unywele kama alivyosema Reli Mbili, ulionekana nilipoukunja. Nimekata sentimita moja, taa zimetulia 4H. Asanteni sana. Ila sasa 4HLc taa ya kati ya rangi ya chungwa inapepesa kwa sekunde tano hivi ndiyo inatulia.

#31 Reli Mbili
Hongera. Hiyo ya kati si vakyumu. Ni swichi za kwenye transfa au meno ya kufunga difu ya kati yanachelewa kukutana. Ukiingiza 4HLc achia mafuta, tembea taratibu ukinyoosha. Ikitulia ndani ya mita chache, iache. Ikizidi, fungua swichi zilizo juu ya transfa moja moja, uweke alama kila waya kabla ya kuchomoa kwa sababu soketi zinafanana. Safisha ncha ya kila swichi, angalia ile kete ya chuma iliyo chini yake isianguke, na pima oili ya transfa ukiwa hapo hapo chini. Ikitoka na unga wa chuma unaong'aa kwenye kidole, piga picha uiweke hapa kabla hujaendelea.